Sailensa Katika Nchi ya Pamba na Dhahabu

Kabla ya injini yoyote kunguruma kusini mwa Ziwa Victoria, chuma kilikuwa na wenyewe. Warongo, mafundi wa chuma wa Uzinza, nchi ambayo leo sehemu yake imo mkoani Geita, walichoma mawe ya chuma kwa makaa katika matanuri ya udongo huku mivukuto ikivuma. Majembe ya chuma yalifika Usukuma, yakalima mtama na kulipiwa mahari. Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikamana na oksijeni, na kazi ngumu ya tanuri ilikuwa kuvitenganisha viwili hivyo. Kutu ni safari ya kurudi: chuma kinaitafuta tena oksijeni yake. Leo, chini ya kila gari lipitalo katika kata ya Samuye, mkoani Shinyanga, safari hiyo inaendelea, na huenda mbio zaidi ndani ya lile kopo refu ambalo mafundi wetu huliita sailensa.

Sailensa haipewi heshima inayostahili. Mwenye gari huijali tairi, huisikiliza injini na kuosha bodi, lakini sailensa huikumbuka siku inapotoboka. Hata hivyo, historia yake katika mikoa ya Shinyanga na Geita inaonyesha jambo moja waziwazi. Injini hainyamazi yenyewe. Kila wakati watu wa nchi hii walipoweza kuishi na mashine wakaendelea kusikilizana, palikuwa na mtu aliyelipa gharama ya ukimya huo. Gharama ilipokwepwa, majirani waliilipa kwa masikio yao.

Garimoshi, almasi na malori

Tawi la Reli ya Kati linalotoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, baada ya kupita Shinyanga. Garimoshi la mvuke halikuwa na sailensa, na kwa jinsi lilivyoundwa lisingeweza kuwa nayo. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni ulirushwa juu kwa nguvu kupitia bomba la moshi ili uvute hewa ipite kwenye moto wa bwela. Kelele ile ya kuhema ndiyo iliyoufanya moto uwake. Kumnyamazisha mhemaji kungekuwa kuuzima moto wake. Afadhali iliyokuwepo ni kwamba garimoshi lilishika njia yake ya chuma, likapiga honi, likapita, na kijiji kikarudi katika shughuli zake.

Lori lilikuja na tabia nyingine. Liliiacha barabara likaingia kijijini, likasimama mbele ya ghala, likapakia injini ikiwa inawaka, likaondoka alfajiri watu wamelala. Na injini yake huchoma mafuta ndani ya silinda yenyewe. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, gesi iliyomo ingali na joto la mamia ya nyuzi na mgandamizo unaozidi sana ule wa hewa ya nje. Hufyatuka. Injini ya silinda nne, ya mipigo minne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hufyatua hivyo mara 100 kila sekunde. Bila kitu cha kuizuia njiani, sauti yake huumiza masikio ya aliye karibu na kumfikia aliye mbali shambani.

Wingi wa injini uliongezeka kwa sababu ya utajiri wa ardhi. Huko Geita, mgodi wa dhahabu ulifunguliwa miaka ya 1930 na ukaendelea hadi 1966. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, kaskazini mashariki ya mji wa Shinyanga, na mahali palipokuwa pori pakawa mji wenye hospitali, shule, kiwanja cha ndege na mitambo yake yenyewe. Mgodi wa ukubwa ule hauendi bila karakana, na karakana haisimami bila mafundi. Ujuzi wa kufungua injini na kuunga bomba ukapata mizizi katika nchi ya wafugaji na wakulima.

Kisha ikaja pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa kanda ya ziwa viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na muungano huo ukahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Pamba ya mkulima ilitoka kijijini kwa lori hadi kwenye kinu cha kuchambulia. Msimu wa mauzo ukawa msimu wa injini, na mlio wa lori linalokuja ukawa dalili ya fedha. Mtu hachukii kelele inayomletea malipo, na pengine hapo ndipo tulipoanza kuizoea.

Waliotafuta ukimya

Huko nje, kazi ya kunyamazisha injini ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1897, katika mji mdogo wa Columbus, jimbo la Indiana nchini Marekani, ndugu wawili, Milton na Marshall Reeves, walipewa hataza ya chombo cha kupunguza sauti ya moshi wa injini. Motokaa zilikuwa chache na barabara zilikuwa za farasi, na farasi aliyeshtuka angeweza kuua watu. Sailensa ya motokaa haikuwa starehe ya dereva peke yake. Iliwafaa pia wale waliokuwa barabarani kabla yake.

Mwingine ni Hiram Percy Maxim. Jina la ukoo wake linatugusa sisi kwa uchungu: baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya mtombo mwaka 1884, silaha ambayo Wajerumani waliitumia dhidi ya babu zetu katika Vita vya Maji Maji. Mtoto alikuwa mhandisi wa magari, na mwaka 1909 alipata hataza ya kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki. Kampuni yake ikatengeneza pia sailensa za injini. Bunduki na injini zina tatizo moja: gesi yenye mgandamizo mkubwa inayotoka ghafla. Dawa nayo ni moja: kuichelewesha, kuitanua na kuizungusha, ili itoke polepole badala ya kulipuka.

Magari ya mwanzo yalikuwa na wenzo wa kufungulia njia ya mkato, moshi ukatoka bila kupita kwenye sailensa. Madereva waliamini kuwa hivyo gari linapata nguvu. Miji mingi ya Ulaya na Marekani ikaupiga marufuku wenzo huo. Ugomvi wa dereva anayetaka nguvu na jirani anayetaka usingizi, basi, una umri uleule wa gari.

Kwa muda mrefu sailensa zilitengenezwa kwa kujaribu na kurekebisha. Nadharia ilikuwepo tangu zamani, kwani Mjerumani Hermann von Helmholtz alikuwa ameeleza katika kitabu chake cha 1863 jinsi hewa iliyofungwa katika chombo chenye shingo inavyoitikia sauti ya kimo kimoja tu. Lakini mwaka 1954 ndipo watafiti wa NACA, taasisi ya Marekani ya utafiti wa ndege, walipochapisha ripoti pana iliyopima aina nyingi za sailensa na kuzilinganisha na hesabu. Tangu hapo mhandisi aliweza kukokotoa ukimya kabla ya kukata bati.

Sauti dhidi ya sauti

Wengi hudhani sailensa huziba sauti, kama vile mtu azibavyo mlango. Ingeziba, injini ingezimika, maana moshi lazima utoke. Inachofanya ni kuiacha gesi ipite na kuirudisha sauti nyuma.

Sauti ni wimbi la mgandamizo. Likisafiri katika bomba jembamba kisha likaingia ghafla katika chumba kipana, sehemu yake hurudi lilikotoka. Lifikapo mwisho wa chumba na kukuta tena bomba jembamba, sehemu nyingine hurudi. Wimbi linalorudi hukutana na linalokuja. Urefu wa chumba ukipimwa vizuri, kilele cha wimbi moja huangukia bonde la jingine, na yote mawili hufutana. Chumba hufanya kazi hiyo vyema zaidi urefu wake ukiwa robo ya urefu wa wimbi.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Katika gesi yenye joto la nyuzi 400 hivi za Selsiasi, sauti husafiri karibu mita 520 kwa sekunde. Kwa ile injini ya milipuko 100 kwa sekunde, wimbi moja lina urefu wa mita 5.2, na robo yake ni mita 1.3. Hakuna gari dogo lenye nafasi ya chumba kama hicho. Kwa sababu hiyo sailensa ya kisasa hugawanywa vyumba viwili, vitatu au zaidi kwa kuta za bati, na mabomba yenye matundu madogo hupeleka gesi mbele, huirudisha nyuma, kisha huipeleka mbele tena. Chumba kimoja hufanywa kwa mfano wa chombo cha Helmholtz: puliza juu ya mdomo wa chupa tupu na utasikia kimo kile kimoja ambacho hewa yake hukiitikia. Chumba hicho hutegwa kwa mngurumo mzito ambao vyumba vifupi haviuwezi. Sauti nyembamba, za juu, humezwa na pamba ya kioo inayozunguka bomba lenye matundu, na nguvu yake hugeuka joto dogo.

Kwa hiyo vipimo vya ndani ndivyo vinavyofanya kazi. Ukuta ukichomoka, bomba la ndani likikatika au tundu likijitokeza ubavuni, wimbi hupata njia ya kutoka kabla ya kukutana na mwenzake. Tundu dogo tu hurudisha kelele kubwa.

Maji yatokayo kwenye moto

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na usafiri wa pamba ukaingia mikononi mwa mashirika ya umma. Miaka miwili baadaye vilizuka vita na Uganda ya Idi Amin, bei ya mafuta duniani ikapanda, na hazina ya fedha za kigeni ikakauka. Vipuri viliadimika. Lori lililotoboka sailensa halikupata nyingine dukani, kwa kuwa dukani hapakuwa na kitu.

Hapo fundi wa kuchomelea akawa mtu muhimu. Kwa gesi ya kabaidi au kwa umeme palipokuwa na umeme, alikata bati kutoka pipa la mafuta, akalikunja, akafunika tundu. Vyumba vya ndani hakuweza kuviona, na mara nyingi alipolazimika kuifungua sailensa aliacha bomba moja tupu likipita katikati. Lori liliweza kusafiri, na pamba ikafika kinuni. Ukimya ndio uliobaki njiani. Hatuwezi kumlaumu fundi yule. Alikuwa ameokoa gari ambalo taifa halikuwa na uwezo wa kulinunulia kipuri.

Lakini kiraka chake hakikudumu, na sababu yake haieleweki na wengi hadi leo. Mkoa wa Shinyanga ni mkavu, mvua zake ni za msimu mmoja, na mtu angetarajia chuma kiishi miaka mingi. Mbona sailensa huoza? Ni kwa sababu maji yake hayatoki mawinguni. Yanatoka kwenye mafuta. Petroli ni kaboni na hidrojeni, na hidrojeni ikiungua huwa maji. Lita moja ya petroli ikiungua yote hutoa takriban lita moja ya maji. Injini ikiwa ya moto, maji hayo hutoka kama mvuke usioonekana. Chuma cha sailensa kikiwa bado baridi, chini ya nyuzi 50 hivi, mvuke hugeuka maji humo ndani, nayo hutulia chini ya vyumba. Yakichanganyika na salfa ya mafuta yanakuwa asidi. Kutu huanza ndani, na siku tundu linapoonekana nje, kazi imekwisha zamani.

Tukilijua hilo, mambo mengi yanaeleweka. Basi linalotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam huchemsha sailensa yake saa nyingi mfululizo na kuikausha. Gari linalotoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, injini ikizimwa kabla bomba halijapata joto, huibebesha maji kila siku. Sailensa ya nyuma kabisa, iliyo mbali na injini, huoza kabla ya ile ya mbele. Tena sailensa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na tundu dogo sana upande wa chini ili maji yachuruzike, na fundi asiyejua hulichomelea akidhani ni ubovu. Kwa kuliziba huifupishia sailensa maisha.

Barabara nayo ina sehemu yake. Matuta madogo ya barabara ya changarawe hutikisa bomba zima. Mipira inayolishikilia hukatika, uzito wote unaangukia kwenye maungio, na bati huchoka hadi kupasuka pale lilipochomelewa. Mpira mmoja ukibadilishwa mapema, bomba zima huokoka.

Magari ya Japani na madini ndani ya bomba

Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mlango uliofunguka siku zile haujafungwa tena. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakajaa. Yalikuja na mabomba bora kuliko tuliyokuwa tumezoea: chuma kilichopakwa alumini, au chuma chenye kromi kisichoshika kutu upesi. Baadhi, yaliyotoka mikoa ya theluji ambako chumvi humwagwa barabarani, yalikuja yameanza kuoza chini bila mnunuzi kujua.

Yalikuja pia na masega: kipande cha kauri chenye njia nyembamba nyingi, zilizopakwa utando wa platinamu, paladiamu na rodiamu, kilichoanza kuenea kwenye magari ya Marekani ya mwaka 1975 ili kusafisha moshi. Masega hupunguza sauti pia, ingawa hiyo si kazi yake kuu. Lakini petroli yenye risasi huyaua, na Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Magari mengi ya awali yaliyapoteza masega yake kwa mafuta. Siku hizi mengine huyapoteza kwa wezi na kwa mafundi wanaoyang'oa na kuyauza. Katika ukanda ambao wachimbaji hushuka mashimoni kutafuta gramu chache za dhahabu, gramu chache za madini ghali zimekuwa zikipita barabarani ndani ya mabomba ya moshi.

Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hiyo ilichukuliwa kwa ajili ya mapafu, na sailensa nazo zikafaidika, kwani salfa ikipungua asidi nayo hupungua.

Karasha na bodaboda

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Malori yake ni makubwa mno, lakini injini zake zina turbo, na gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi hukata makali ya milipuko kabla haijafika kwenye sailensa. Kampuni kubwa ina kanuni, ina vipimo vya kelele, ina vifaa vya kuziba masikio.

Kelele inayoumiza zaidi iko kwa mchimbaji mdogo. Katika machimbo ya Mwakitolyo, Nyarugusu na Rwamgasa, karasha la kusagia mawe, linaloendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, mara nyingi lina bomba fupi lisilo na kitu ndani. Kikomo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 94, saa moja inatosha. Kijana anayelisha karasha kutwa nzima anaacha hapo uwezo wa kusikia ambao hakuna dawa itakayomrudishia. Sailensa haiwezi kunyamazisha mawe yanayopondwa, ila inaweza kuzuia mlio wa injini usiongezeke juu ya mlio wa mawe. Kuna hatari nyingine isiyo na sauti: moshi wa injini una kaboni monoksidi, isiyo na harufu, na pampu ya petroli ikiwashwa ndani ya shimo huua watu kabla hawajashtuka. Hakuna sailensa inayoondoa sumu hiyo. Injini haina nafasi shimoni.

Kisha bodaboda. Pikipiki zenye injini ndogo ya silinda moja zilifika vijijini kwa wingi kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000, na mwaka 2010 kanuni za leseni zikazitambua rasmi kuwa usafiri wa abiria. Zimemfikisha mjamzito zahanati na mazao sokoni, na ni neema kwa Samuye kama kwa kata yoyote. Baadhi ya vijana, hata hivyo, hutoboa ekzosi au kuitoa vyumba vya ndani ili ilie wanapopiga resi. Wanaambiwa pikipiki inapata nguvu. Injini ya sentimita za ujazo 125 haipati nguvu ya maana kwa kutobolewa bomba. Inachopata ni mlio, na mlio humdanganya mwendeshaji kwamba anakwenda kasi.

Katika nchi ya Wasukuma jambo hili lina uzito wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Kahama na Shinyanga waliochoshwa na wizi wa ng'ombe waliunda Sungusungu, ulinzi ambao silaha yake ya kwanza ilikuwa kusikia. Filimbi au mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa katika kaya moja, kaya ya pili iliitikia, na kijiji kizima kikaamka. Ulinzi wa namna hiyo unahitaji usiku unaosikika. Pikipiki iliyotobolewa ekzosi ikipita saa saba za usiku, inamwamsha mtoto na mgonjwa, na inamnyima mlinzi masikio yake.

Sheria ipo. Tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za 2015 za viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Lakini askari hawezi kusimama katika kila njia panda ya Shinyanga na Geita, na ukimya haujawahi kuletwa na sheria peke yake. Uliletwa na wahandisi waliopima chumba kwa sentimita, na huhifadhiwa na mafundi wa pembeni mwa barabara. Fundi akijua kwa nini tundu la chini lisizibwe, kwa nini kuta za ndani zirudishwe na kwa nini mpira uliokatika ubadilishwe leo, ataongeza maisha ya bomba kwa fedha ndogo. Vyuo vya ufundi vya VETA na vyama vya bodaboda vinaweza kufundisha hayo kwa siku moja. Mwenye karasha anaweza kununua sailensa kwa sehemu ndogo ya dhahabu anayoisaga. Farasi wa Indiana walipata ulinzi dhidi ya kelele mwaka 1897, na watoto wa Samuye wanastahili ulinzi huohuo.